Kabla ya kuipeleka shafti ikapakwe kromu

Kila kundi jipya la mafundi linapoingia karakanani hapa Tanga, shafti ya kwanza kukatika hupendekezewa dawa ileile: ipakwe kromu ngumu ili iwe imara zaidi. Wadogo zangu, naandika haya kwa sababu inaniuma kuona shafti nzuri zikiharibiwa kwa nia njema. Kromu huzuia uso usilike, lakini uwezo wa chuma kustahimili uchovu, yaani kupindwa au kuvutwa tena na tena hadi kipasuke, ni jambo jingine, na mara nyingi kromu hiyohiyo huupunguza.

1. Jueni mkazo unakaa wapi. Shafti inayozunguka huku ikipindwa hubeba mkazo mkubwa kabisa usoni, na katika kila mzunguko uso huo huvutwa kisha hugandamizwa. Pampu ya mizunguko 1,450 kwa dakika hufikisha mizunguko 87,000 kwa saa, kwa hiyo milioni moja hutimia kabla ya saa 12 za kazi. Kromu ngumu nayo hutoka kwenye beseni la dawa ya kupakia ikiwa na nyufa ndogo mno na ikiwa katika hali ya kuvutwa. Ufa ukianzia humo, hupenya hadi kwenye chuma cha chini na kuendelea kukua.

2. Lindeni kona. Vijana wetu waliwahi kupokea shafti ya pampu ya maji ya bahari iliyolika pale beringi inapokaa. Waliikereza, ikapakwa kromu nene, ikasagwa hadi kipimo kikawa sahihi kabisa. Lakini katika kukereza, ule mviringo wa kona penye bega, yaani pale shafti inapobadilika unene, ulikatwa ukawa kona kali, na ukingo wa kromu uliishia hapohapo. Ilikatika. Nilipofika, mmoja wao, kijana mwenye bidii sana, alikuwa ameshashika brashi ya waya ili ausafishe uso uliovunjika, nikamzuia. Tuliutazama pamoja kwa lenzi. Kuzunguka ukingo wote kulikuwa na vingazi vidogo, kila kimoja kikitenganisha nyufa mbili zilizoanza jirani. Kuelekea ndani kulikuwa na mistari laini iliyopinda kama ile ambayo maji yakikupwa huiacha mchangani pale Raskazone. Na karibu na katikati palikuwa na eneo dogo tu lenye chembechembe za kukwaruza, ndilo lililokatika mwisho. Eneo hilo kuwa dogo maana yake mzigo haukuwa mkubwa, na nyufa kuanza sehemu nyingi maana yake kona ilikuwa imekusanya mkazo kupita kiasi. Chuma hakikuwa na kosa. Mwenye pampu alikuwa ameshaambiwa aagize chuma chenye nguvu zaidi, na chuma cha namna hiyo ndicho huumizwa zaidi na kona kali. Basi mviringo wa kona ubaki, na kromu ikomee kabla ya kuufikia.

3. Kromu isipoepukika, uso upigwe kwanza kwa risasi ndogondogo za chuma, ili ubaki umegandamizwa.

4. Msisahau haidrojeni. Asidi ya kusafishia na beseni lenyewe huiingiza ndani ya chuma chenye nguvu nyingi, na bolti iliyokazwa tu, bila kutikiswa na chochote, huweza kukatika baada ya saa au siku kadhaa. Ili haidrojeni itoke, kipande kipashwe joto tanurini, nyuzi 190 hadi 220 za Selsiasi, kwa saa nyingi, na kiingizwe humo ndani ya saa 4 baada ya kupakwa.

5. Msichukie kila upako. Chuma kitupu kinachopindwapindwa katika maji ya chumvi hakina kiwango cha mkazo kilicho salama milele; hapo zinki, ambayo huliwa kwanza badala ya chuma, huongeza maisha. Kromu ikikwaruzwa ndani ya maji hayohayo, chuma kilichofunuliwa huliwa chenyewe, hufanya vishimo, na ufa huanzia humo. Kwa mji wa bandari kama wetu, swali hili liulizwe kabla ya kazi kupokelewa, na kwenye kadi ya kazi paandikwe aina ya chuma, unene wa upako, mahali ukingo wake unapoishia na saa ambayo kipande kilitoka kwenye beseni.