Dogo anacheza kona beki? Nitumie mechi nzima, sio klipu

Huku Texas kwenye mpira wa Kimarekani, Ijumaa usiku ni mechi za sekondari, Jumamosi ni vyuo, na kwa vile nimekaa muda pembeni ya uwanja nikisaidia kufundisha mabeki, wazazi wetu wa huku, Wabongo, Wakenya, Wakongo, mwenye kijana anayecheza kona beki ananitumia klipu WhatsApp. "Kaka mcheki dogo, NFL anafika?" Yaani ligi kuu ya kulipwa ya Marekani. Klipu yenyewe dakika tatu, muziki juu, dogo anadaka pasi za wapinzani anatimka nazo. Mi huwa naomba mechi nzima, tena ile waliyofungwa.

Kwa wasiofuatilia, kona beki ndo yule anasimama pembeni kabisa kumkaba mpokeaji wa pasi, na ugumu wake ni kwamba mpokeaji anajua anakoenda afu yeye hajui, na bado anaanza kwa kurudi kinyumenyume.

Sasa kuhesabu pasi alizodaka kunawapoteza watu wengi sana. Nnamdi Asomugha wa Oakland Raiders mwaka 2006 alidaka 8, mwaka uliofuata akadaka 1 tu. Unadhani aliporomoka? Wapi, makwotabeki, wale warusha pasi, waliacha kurusha upande wake! Kwa hiyo dogo asiporushiwa mpira mechi nzima usisikitike, rudisha video nyuma uone kwa nini.

Mbio nazo hivyohivyo. Mbio zinahitajika, sikatai, ila Kalon Barnes wa chuo cha Baylor mwaka 2022 alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.23 pale Indianapolis kwenye majaribio ya NFL na bado kwenye drafti, ambapo timu zinachagua wachezaji wapya kwa zamu, akachukuliwa raundi ya 7, ya mwisho kabisa. Richard Sherman hakuwa na mbio za kutisha, chuoni Stanford alianza kama mpokeaji, akachukuliwa raundi ya 5 mwaka 2011, na msimu wa 2013 alikuwa nguzo ya Seattle waliobeba Super Bowl, fainali ya NFL.

Mi naanza na nyonga. Weka video polepole pale mpokeaji amekimbia kama yadi 10 anataka kukata, yaani kubadili uelekeo ghafla. Dogo anarudi nyuma, magoti kayakunja kidogo, uzito uko mbele ya nyayo, sasa jamaa akikata angalia tu kichwa cha dogo: kikibaki usawa uleule na mguu ukashuka mara moja tayari umeelekea kule, huyo ana kitu. Kichwa kikipanda juu kwanza ujue kasimama wima ndo ageuke, na katika hiyo nusu sekunde kwotabeki wa NFL pasi keshaitoa.

Halafu mikono, hapa ndo naomba wazazi mtulie maana vyuo vinadanganya. Sheria za chuo zinampa beki uhuru zaidi wa kumgusa mpokeaji kabla pasi haijarushwa, NFL ukivuka yadi 5 kutoka mpira ulipoanzia ukamsukumasukuma ni faulo na wapinzani wanapewa dauni ya kwanza bure, yaani wanaanza upya majaribio yao manne ya kusogeza mpira yadi 10. Na ukimchezea faulo mpira ukiwa hewani, chuo adhabu mwisho yadi 15, NFL mpira unawekwa palepale ulipofanyia faulo hata kama ni yadi 40 mbele. Kijana anayeishi kwa mikono chuoni atakuja kuigharimu timu huko juu.

Angalia pia anasimama upande gani. Chuoni mistari ya katikati ambako mpira unaanzia imeachana futi 40, NFL ni futi 18 na nusu tu, kwa hiyo kona beki wa chuo anayepangwa kila siku upande mwembamba analinda futi 60 kutoka kwenye mpira mpaka mstari wa nje, wakati NFL upande mwembamba kabisa ni karibu futi 71. Mwombe kocha ampange na upande mpana.

Kuna kijana mmoja wa familia ya Kikongo niliangalia mechi yake, hakudaka hata pasi moja, robo ya pili alipigwa bao kubwa machoni pa watu wote. Mpira ulipoanza tena akasogea karibu zaidi na mpokeaji yuleyule! Na robo ya nne, timu ishapoteza, mwenye mpira katoroka upande wa pili kabisa wa uwanja, huyu dogo akakata uwanja mzima akamwangusha mbele kidogo ya mstari wa goli. Nilimpigia baba yake usiku uleule.

La mwisho ni kichwa, yaani akili. Malcolm Butler alitoka West Alabama, chuo kidogo, mwaka 2014 hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti, ila Februari 2015 alidaka pasi ya Seattle mlangoni kabisa mwa goli akawapa timu yake Patriots Super Bowl, na aliweza kwa sababu mpango ule ule wenzake walimpiga nao mazoezini akaukumbuka. Kwa hiyo kaa na dogo, simamisha video kabla mpira haujaanza, muulize jamaa anaenda wapi. Akianza kukuambia mpokeaji kasimama umbali gani na mstari, ni dauni ya ngapi, zimebaki yadi ngapi, hapo nitumie hiyo mechi nzima hata kama ni saa nane usiku.