Tulifuta bakshishi ya melini: je, tumedhulumu?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi naishi Maskati. Likizo ya Desemba tulipanda meli ya utalii kutoka Dubai, usiku saba, mimi, mke wangu na watoto watatu. Kila siku kampuni ilituandikia kwenye hesabu yetu dola 16 kwa kila mtu, hata mtoto wa miaka sita, wanaiita ada ya huduma. Jumla dola 560. Shemeji yangu, aliyekuwemo melini na familia yake, akaniambia bakshishi ya kulazimishwa si bakshishi, ni kuliana mali kwa batili, na isitoshe nyingine wanapewa wauza pombe. Usiku wa mwisho tukaenda mapokezi kuifuta. Tukaulizwa kulikuwa na tatizo gani. Shemeji akajibu huduma ilikuwa mbovu, nami nikanyamaza. Ikafutwa palepale. Kijana wa kutandika chumba nikampa dola 40 mkononi, na mhudumu wa meza, kijana wa Mombasa tuliyekuwa tukizungumza naye Kiswahili, nikampa 20. Kusema kweli wote wawili walituhudumia vizuri. Tangu nirudi sina raha. Je, tumedhulumu? Nifanyeje? Na hizo 60 naweza kuzihesabu katika zaka yangu?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Kabla ya kukujibu nilimpigia simu mpwa wangu aliyefanya kazi ya vyumba kwenye meli za namna hiyo kwa mikataba mitatu. Mimi bahari yangu ni boti ya Unguja na Pemba, na huko hamali ukishampa chake gatini mmemalizana.

Mpwa wangu alinieleza hivi. Mkataba wake ulikuwa wa miezi tisa, kazi siku saba kwa wiki. Meli inapeperusha bendera ya Bahama au Panama au Malta, na mambo ya mshahara yanafuata sheria ya bendera hiyo, si ya bandari ulikopandia wewe. Mshahara wa msingi ni mdogo, na hiyo ada ya kila siku ndiyo inayoujaza. Haiendi kwenye mfuko wa mtu mmoja. Inakusanywa, kisha inagawiwa mtandika vyumba, mhudumu wa meza, msaidizi wake, na kwa kampuni nyingine mpaka watu wa dobi na waosha vyombo ambao abiria hawaoni hata kivuli chao. Kwenye kampuni yake, chumba kilichofuta ada kilikuwa kinaandikwa kwenye orodha, na mfanyakazi akipewa pesa taslimu na abiria wa chumba hicho ilimlazimu aikabidhi kwa msimamizi iingie kwenye fungu la wote. Wapo wanaofuta tangu siku ya pili ya safari. "Mjomba," akaniambia, "nimeshaliona jina lao kwenye orodha, na jioni bado natakiwa niwakunjie taulo kwa sura ya tembo nimweke kitandani, watoto wafurahi."

Sasa tuje kwenye hukumu.

Hoja ya kwanza ya shemeji yako, kwamba zawadi ya lazima si zawadi, ni ya kweli, ila haimsaidii. Mafakihi wana kanuni: al-ibratu fil uquudi lil maqaasidi wal maani, yaani kinachotazamwa katika mikataba ni makusudio na maana, si majina. Ikiwa kitu kimeitwa bakshishi lakini ndicho anacholipwa mtu kwa kufua mashuka yako, basi huo ni ujira uliovaa kanzu ya bakshishi. Kampuni ya P&O Cruises ya Uingereza iliacha mwaka 2019 kuwatoza abiria wake ada hii, ikasema imo ndani ya nauli. Pesa ya mhudumu ikikaa ndani ya nauli husikii mtu akisema ni batili. Ikiandikwa mstari wake peke yake ndipo tunakumbuka aya ya kuliana mali kwa batili.

Hata hivyo siwezi kukubebesha ambalo sheria haikukubebesha. Tazama masharti uliyokubali siku ya kukata tiketi. Kama yamesema ada hii ni sehemu ya bei na haiondolewi, ni deni shingoni mwako: "Enyi mlioamini, timizeni mikataba" (al-Maida: 1). Lakini kampuni nyingi huandika kwamba abiria anaweza kuipunguza au kuifuta akienda mapokezi, na yenu inaelekea ilikuwa hivyo. Hapo khiyari umepewa na kampuni yenyewe, na anayetumia khiyari aliyopewa haitwi mwizi. Yule kijana ana mkataba na kampuni, hana mkataba na wewe. Hadithi ya kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho halijakauka, aliyoipokea Ibn Majah, mlengwa wake wa kwanza ni mwajiri, na kwa maoni yangu mwajiri anayetundika riziki ya mtu kwenye hisani ya wageni ana swali la kujibu kwa Mola wake. Kwa hiyo, kufuta bila sababu huku umehudumiwa vizuri ni jambo la kuchukiza na ni ubahili, ila sithubutu kuliita wizi.

Wewe lakini hukufuta bila kusema neno. Mliulizwa sababu, ikatolewa sababu ya uongo. Hapa ndipo penye uzito wa swali lako, na ninadhani ndipo palipokunyima raha. Mmewashuhudilia vibaya watu ambao hawakuwepo kujitetea, na neno kama hilo linaweza kubaki kwenye kumbukumbu za kazi zao. Allah anasema "jiepusheni na kauli ya uongo" (al-Hajj: 30), na kwa ulimi wa Nabii Shuaybu: "wala msiwapunje watu vitu vyao" (Hud: 85). Kunyamaza kwako hakukuokoi, kwa sababu 560 zimerudi kwenye hesabu yako wewe.

Iwapo wangeifuta hata bila sababu, dhambi ingekuwa ya uongo peke yake, na kulipa kungekuwa ni ihtiyati, yaani tahadhari tu. Ila waliuliza kwanza ndipo wakafuta, kwa hiyo ninaloliona na nguvu zaidi ni kwamba pesa zile zilipatikana kwa uongo ule, na toba yake haitimii mpaka zirudi.

Iandikie kampuni, taja namba ya safari, sema wazi kwamba malalamiko hayakuwa ya kweli, wahudumu hawakukosea, na unataka kulipa. Toa 60 ulizokwisha kuwapa, zibaki 500. Barua hiyo naiona muhimu kuliko hata pesa, maana ndiyo inayowasafisha. Wakikataa kupokea, wape wale unaoweza kuwafikia. Kama una namba ya kijana wa Mombasa mpelekee fungu lake, lakini usidhani umemaliza, yeye ni mmoja tu kati ya wengi. Lililobaki litoe sadaka kwa nia ya wenyewe.

Zile 20 ulizompa, kama kanuni ya kazi yao inamtaka azikabidhi, azikabidhi. Kumbuka yule aliyetumwa na Mtume (s.a.w.) kukusanya zaka akarudi akisema "hiki chenu, na hiki nimepewa zawadi", Mtume akauliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama angepewa (Bukhari na Muslim). Usimshauri azifiche, hata kwa kumhurumia.

Kuhusu pombe: kwa kawaida baa ina asilimia yake inayoongezwa kwenye bili ya kila kinywaji, na aliyekunywa ndiye anayeilipa. Wewe umelipia kitanda na chakula.

Na zaka, hapana. Zaka ina aina nane za watu waliotajwa katika at-Tawba aya ya 60, na haitolewi kama malipo ya kutandikiwa kitanda. Hata kama kijana ni fakiri na anastahiki, ulimpa kwa ajili ya kazi yake na bila nia ya zaka, na nia haiwekwi baada ya mkono kutoa.

Shemeji yako ana hesabu yake mwenyewe, ni kubwa kuliko yako kwani ndiye aliyesema. Msomee jibu hili mkiwa wawili, si mbele ya wanawe.

Wallahu a'lam.