Kushtakiwa kwa ndoto za wengine

Umeuliza kwa nini Dream Scenario (2023) inatisha ilhali wengi wanaiita filamu ya kuchekesha. Naona ni kwa sababu Paul, yule profesa anayeigizwa na Nicolas Cage, hajafanya lolote. Anaanza kuonekana kwenye ndoto za watu asiowajua, akipita zake tu. Umaarufu unamjia bure, naye anaufurahia kweli (hapo nilimcheka). Kisha humo ndotoni anageuka katili, na wanafunzi wake wanamwogopa kana kwamba amewadhuru wakiwa macho. Anajirekodi akiomba radhi huku analia, mambo yanazidi kuharibika. Atajitetea vipi, na ushahidi wote uko vichwani mwa watu? Klipu iliyokatwa vibaya ikasambazwa WhatsApp haina tofauti kubwa na hiyo.