Matunzo ya Mtoto: Andika Kabla Hujashtaki

Daftari lililonisaidia kupata matunzo ya binti yangu ni la kurasa 96, la aina ile ile wanayonunua watoto wa shule, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Nililianza nikiwa nimekwisha kupoteza miaka mitatu. Katika miaka hiyo nilimpigia simu baba yake usiku na mchana, nikamtumia maneno makali, nikamsema kwa ndugu zake, na mara moja nikafunga safari hadi Kampala, kwenye maegesho ya malori, nikalia mbele ya wenzake. Siku hiyo alinipa shilingi 20,000 na nauli ya kurudi Busia. Ninaandika kwa ajili ya mama anayelea mtoto peke yake hali mwenzake yu hai na ana kipato, na pia kwa ajili ya baba aliye katika hali hiyo, kwa maana sheria yetu ya Uganda inamruhusu naye kumdai mama wa mtoto.

Kosa langu lilikuwa kuomba matunzo kama mwanamke aliyeachwa. Kila nilipofungua kinywa nilianza na mimi: alivyoniahidi, alivyonidanganya, alivyooa mwingine. Ndugu zake walinijibu kwamba hatukufunga ndoa, kwa hiyo sina la kudai, nami kwa kutojua nikanyamaza. Ukweli ni kwamba dai hilo halikuwa langu hata kidogo. Ibara ya 34 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake na kutunzwa nao, na Sheria ya Watoto inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata chakula cha kutosha, mavazi, malazi, matibabu, chanjo na elimu. Wajibu huo hautegemei cheti cha ndoa, wala hautegemei nani alimkosea nani. Ombi la matunzo linaweza kupelekwa mahakamani hata wakati wa ujauzito, na wakati wowote kabla mtoto hajatimiza miaka 18.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa mtaani kwetu, makamu mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa. Wengi hatujui kwamba makamu huyo ndiye katibu wa masuala ya watoto, na kwamba shauri la mtoto asiyetunzwa linaweza kuanzia kwake bila wakili. Nilimweleza habari zangu kwa muda mrefu, naye akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, “Binti yangu, mtoto huyu anakula shilingi ngapi kwa mwezi?” Nikakosa jibu. Nilikuwa nauza mukene, yaani dagaa, sokoni, nikijua bei ya kila gunia na faida ya kila debe, lakini gharama ya mtoto wangu mwenyewe sikuijua. Akaniambia, “Nenda ukaandike mwezi mzima, halafu urudi nimwite baba yake.”

Nikaandika. Kila jioni niliandika tarehe, kitu, bei na mahali nilipokinunua, na risiti nikazibana kwa pini kwenye ukurasa wa siku hiyo. Karo ilikuwa shilingi 240,000 kwa muhula, kwa hiyo mihula mitatu ikigawanywa kwa miezi kumi na miwili ni 60,000 kwa mwezi. Yale mahitaji ambayo shule huyadai siku ya kufungua, yaani rimu ya karatasi, fagio, karatasi za chooni, sukari na sabuni, yalifika 60,000 kwa muhula, sawa na 15,000 kwa mwezi. Chakula kilikuwa 90,000, matibabu 20,000, nguo na viatu 15,000, na sehemu yake katika kodi ya nyumba niliihesabu kuwa 30,000. Jumla ikawa shilingi 230,000. Nilipoiona jumla hiyo kwa maandishi yangu mwenyewe, nilitambua kwamba kwa miaka mitatu nilikuwa nikigombania 20,000 za hapa na pale bila kujua ninachodai. Upande wa pili wa daftari niliandika kila alichotuma, hata kilipokuwa kidogo, pamoja na tarehe ya ujumbe wa pesa za simu, kwa sababu ukificha alichotoa, siku atakapouonyesha ujumbe huo mbele ya watu hakuna atakayeamini mengine uliyoyasema.

Kabla ya hapo niliwahi kwenda kituo kimoja cha polisi, nikaombwa pesa ya mafuta ya gari ili wakamkamate, nikatoa, na hakukamatwa mtu. Sisemi polisi hawafai. Wana kitengo cha ulinzi wa watoto na familia, na palipo na kipigo au mtoto aliyetelekezwa hatarini, kimbilia huko. Lakini kama unachotaka ni chakula cha kila mwezi, mzazi aliyefungwa hapati mshahara.

Kwa wito wa LC hakuja. Shauri likapelekwa kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, ambaye ndiye afisa wa majaribio (probation), na barua yake ikamleta. Alikubali 100,000 kwa mwezi, tukatia saini, akalipa miezi miwili akaacha. Usikate tamaa kwa hilo, na usiyachane makubaliano kwa hasira kama nilivyotaka kufanya, kwani karatasi ile yenye saini yake ilikuwa ushahidi kwamba aliwahi kumkubali mtoto na kukubali kulipa.

Mahakama ya Familia na Watoto niliiogopa zaidi ya ilivyostahili. Shauri husikilizwa faragha na kwa utaratibu usio mkali, na nilipata wakili wa msaada bila malipo. FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake kilichoanzishwa mwaka 1974, hufanya kazi hiyo kwa wanawake na watoto. Nilibeba cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba, kadi ya chanjo, makubaliano yale na daftari. Jina la baba likiwa kwenye rejesta ya vizazi huhesabiwa kuwa ushahidi mpaka upatikane mwingine wa kuupinga, kwa hiyo shughulikia cheti mapema, wakati bado mnaelewana. Alidai hana kazi. Nilikuwa na picha yake mwenyewe, aliyoituma kwa dada yake, akiwa mbele ya lori la kampuni huko Elegu, mpakani na Sudan Kusini, tena ya mwezi uliotangulia. Hakimu aliitazama, akamrudishia swali lile lile, na mara hii akataja mshahara wake. Amri ikatoka: 150,000 kila mwezi, kwa kuwa mahakama hupima pia uwezo wa mlipaji, naye akakubali palepale mwajiri amkate moja kwa moja. Mlipaji akikaidi, rudi mahakamani. Inaweza kuamuru mali yake ikamatwe na kuuzwa.

Endelea kuandika hata baada ya kushinda. Kutumia pesa za matunzo kwa jambo jingine ni kosa la jinai, na siku baba yake aliponituhumu kwamba pesa hizo ninajengea nyumba, nilifungua kurasa tu.

Kuna jambo ambalo bado linaniuma. Miezi ile ambayo hakulipa nilimkataza kumwona mtoto, nikidhani ninambana. Aliyebanwa ni binti yangu, aliyekaa mlangoni Jumamosi nzima akiwa amevaa gauni la Idi. Mtoto ana haki ya kumjua baba yake hata baba huyo akiwa mdaiwa, nawasihi msiziunganishe haki hizo mbili. Na ukiona mtoto wa jirani ananyimwa matunzo au anateswa, namba 116 ya huduma ya watoto hupigwa bila malipo.

Binti yangu amemaliza darasa la saba, na Februari anaingia kidato cha kwanza. Karo imepanda mno, na sheria inaruhusu amri ya matunzo ibadilishwe hali ikibadilika, kwa hiyo nimekwisha kufungua daftari la tatu, na ukurasa wa kwanza nimeandika bei ya godoro na sanduku la bweni.