Imani Katika Mhadhara: Je, Sala ya Kufungua Kipindi Inatosha?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mhariri. Ninafundisha utunzaji wa mazingira katika chuo cha kanisa hapa Mwanza, na uongozi umetuhimiza tuingize mazoezi ya imani katika masomo. Wenzangu wengi hufungua kipindi kwa sala, kisha huendelea kama kawaida. Naona haitoshi, lakini nina wanafunzi Waislamu na Wakristo wa madhehebu mbalimbali, nami sitaki kugeuza mhadhara kuwa mahubiri. Nifanyeje?
Mhadhiri, Mwanza

JIBU: Amina, mwalimu. Sala hiyo ni njema na usiiache, ila mazoezi ya imani yanaweza kuingia hata katika namna unavyofundisha.

Anza na usomaji. Watawa wa kale walisoma Maandiko polepole kwa desturi iitwayo lectio divina, ambayo mtawa Guigo wa Pili, katika karne ya 12, aliipanga katika ngazi nne: kusoma, kutafakari, kusali na kutulia mbele za Mungu. Tuseme unafundisha habari za sangara, aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na kuchangia kutoweka kwa aina nyingi za furu, samaki wadogo wa ziwa hilo. Chukua aya moja tu ya ripoti, isomwe kwa sauti mara mbili, darasa likae kimya dakika mbili, kisha kila mmoja aandike sentensi iliyomsumbua kabla mjadala haujaanza. Hapo ndipo usome Mwanzo 2:15, ambapo mtu anawekwa bustanini ailime na kuitunza, uwaulize ni nani aliyepaswa kulitunza ziwa, na ni nani aliyefaidika na minofu iliyosafirishwa nje. Mwanafunzi Mwislamu apewe nafasi ileile ya kueleza mafundisho ya Kurani kuhusu mwanadamu kuwa khalifa duniani. Mjadala wenu utakuwa na uzito zaidi.

Mwisho wa wiki, waachie dakika tano za kujihoji kimya, kama Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, alivyowafundisha wafuasi wake, kisha waandike katika daftari: wapi nimejifunza kwa uaminifu, wapi nimenakili kazi ya mwenzangu. Daftari hilo usilikusanye wala usilitolee alama kamwe, kwa sababu mwanafunzi anayetafuta alama atakuandikia kile anachodhani unataka kusikia.

Uhuru wa dhamiri unalindwa na Ibara ya 19 ya Katiba yetu ya 1977, na hata Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa 1990 kuhusu vyuo vikuu vya Kikatoliki, aliagiza uheshimiwe kikamilifu. Kwa hiyo yaeleze mazoezi haya katika muhtasari wa kozi, na asiyetaka kushiriki akae kimya bila kuulizwa sababu.

Jambo moja hujaliuliza, nami naliona kubwa: ratiba. Kanda ya Ziwa ina Wasabato wengi, na jaribio la Jumamosi humlazimu kijana kuchagua kati ya ibada na alama zake. Zungumza na idara yako lihamishiwe siku nyingine kabla muhula haujaanza.