Kesho Uje Unisomee Sukari

Mwaka 2020, baada ya kampuni niliyoifanyia kazi miaka tisa kufunga ofisi yake ya Mombasa, nilianza kuamka saa tisa usiku kila siku. Najikuta macho tu, nahesabu: kodi ya miezi mitatu, mkopo wa simu, mkopo mwingine niliochukua kulipa ule wa kwanza, karo. Kila nikihesabu, jibu lilikuwa lile lile, kwamba mke wangu na mtoto wangepumua kama mimi nisingekuwepo.

Nataka jibu hilo ulielewe vizuri, maana walio nje huliita ubinafsi au uoga. Maisha sikuyachukia. Nilichokichoka ni uchungu, na kichwa changu kilikuwa kimekataa kunionyesha njia nyingine ya kuutua. Akili ikifika pale hubana, ukawa kama mtu anayechungulia mtaa mzima kupitia tundu la kitasa: unaona kipande cha ukuta, unaapa kwamba ndio mtaa wenyewe. Leo najua kuwa kujiona mzigo kwa watu wako ni dalili, kama homa ilivyo dalili ya malaria. Wakati ule niliamini ni ukweli ambao wenzangu waliona haya kuniambia.

Kiswahili tunalo neno la hali hii, ila limezoeleka hata halishtui tena. Mawazo. "Fulani ana mawazo siku hizi." Tunasema pole, tunampa soda, tunashika njia. Washona wa Zimbabwe nao husema kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na daktari wao Dixon Chibanda alilichukua neno hilo kwa uzito wake. Mwaka 2006 mjini Harare, baada ya kumpoteza mgonjwa aliyekosa nauli ya kufika hospitalini, alianza kuwafunza akina bibi wa mtaani kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye kufungisisa. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Nilipousoma moyo wangu ulijaa, kwa sababu bibi wangu wa benchi nilimpata bila mpango wowote.

Alikuwa jirani wa nyumba ya chini, mjane, mwenye kisukari kilichomfifisha macho. Asubuhi moja alinikuta nimeketi ngazini na nguo za jana. Hakuniuliza habari za kazi. Alinikalisha jikoni kwake, akarudi kukanda unga wa mahamri, mikono imeloa tui hadi vifundoni, kisha bila kunyanyua uso akasema, "Wataka kujiua, mwanangu?"

Nililia mpaka nikakosa pumzi. Ndugu zangu walikuwa wameniambia nijikaze, mimi mwanamume. Mtu mmoja niliyemheshimu sana alisema hata kuwaza hivyo ni dhambi, nikaona afadhali ninyamaze. Huyu mama aliuliza, kisha akangoja. Wengi wanaogopa kwamba ukimuuliza mtu waziwazi utamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Wataalamu wamelichunguza hilo na hawakuona hivyo. Mimi kuulizwa kulinitua nusu ya mzigo, ile nusu ya kuficha.

Siku hiyo hiyo alimpigia kaka yangu simu, aje aondoe chumbani mwangu vitu nilivyokuwa nimeviwekea nia mbaya. Hilo usilidharau hata kidogo. Wimbi la kutaka kufa hupanda likashuka, mara nyingi kwa muda mfupi, na likishuka wewe ukiwa mbali na cha kukudhuru, unabaki. Kisha wakanipeleka hospitali. Njia nzima nilihofia polisi kuliko daktari, kwa kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu ya Kenya kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mahakama Kuu ilikitamka kuwa kinyume cha katiba Januari 2025, na nawaombolezea wote walionyamaza miaka yote hiyo kwa kuogopa jela.

Daktari alisema ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, akaniandikia dawa, akanionya kuwa zingechukua wiki kadhaa kufanya kazi. Wiki mbili za kwanza sikuona kitu. Wiki ya tano nililala hadi saa kumi na moja alfajiri, na nikakumbuka ladha ya chai.

Lakini wiki hizo tano nilizivukaje? Jioni ya siku ile ya kwanza yule mama aliniambia macho yake hayakisomi tena kipimo cha sukari. "Kesho uje unisomee. Mapema, kabla sijatia kitu tumboni." Nikaenda. Alichoma kidole, akagusisha tone la damu kwenye kijiti, kipimo kikahesabu, nami nikamsomea na kuandika kwenye daftari la shule. "Kesho tena," akasema. Nilikuwa nimejiuliza usiku kwa usiku maana ya maisha ni nini, na swali hilo ni kubwa mno kwa mtu asiyelala. Kwa mwezi mzima maana yangu ilikuwa tarakimu moja na nukta, na mtu aliyekuwa akiingoja.

Kama uko pale nilipokuwa, usiku huu usitafute jibu la maisha yote. Mtafute mtu mmoja, umwambie kwa neno lenyewe, kujiua, usilizungukezunguke. Kenya unaweza kupiga 1199 ya Msalaba Mwekundu, bila malipo. Kwingineko, nenda hospitali iliyo karibu, useme hivyo hivyo mapokezi. Kama una kitu unachofikiria kujidhuru nacho, mpe mwingine akuwekee.

Na kama ni wewe uliye na ndugu wa namna hii, muulize. Acha mahubiri, usimwache peke yake usiku huo, muandamane hospitali. Baadaye mpe kazi unayoihitaji kweli. Ya kubuni ataitambua.

Madeni yangu sijayamaliza, ila nimeyapangia. Mke wangu tuko pamoja. Daftari ni la nne sasa. Leo asubuhi ilikuwa 6.9, mama akasema si haba, akaniagiza kesho nije na nazi mbili.