Fundi akitaka kukata bati la mlango ili spika iingie, soma hapa kwanza

Mkuu, nimelielewa swali lako. Una Toyota IST, umenunua spika za inchi 6.5, zimegoma kukaa kwenye tundu la mlango wa mbele, na fundi anakwambia dawa ni kupitisha grainda kwenye bati. Mwambie asubiri. Mimi niko Moshi, maeneo ya Pasua, nina IST ya 2004, na niliponea chupuchupu kufanyiwa hivyo hivyo. Umeme ulikatika grainda ikiwa tayari mkononi mwa fundi, nikaona nirudi nyumbani na spika zangu kwenye boksi. Sijawahi kuishukuru giza la mchana kama siku ile.

Shida yako haiko kwenye bati. Spika ya kiwandani ya Toyota ni kitu kimoja na fremu yake ya plastiki. Fremu hiyo ina kimo chake, ina masikio yake, na imepigwa riveti moja kwa moja mlangoni. Ukiitoa, kimo chote kinaondoka nayo, linabaki tundu pana na vitundu vya riveti ambavyo havilingani na spika yoyote ya dukani. Spika mpya ni nyembamba usoni na nzito mgongoni. Inahitaji kitu cha katikati, na kitu hicho ndiyo adapta.

Mafundi wengi huichukulia adapta kama kishikizo tu, ndiyo maana utakuta spika imefungwa kwa skrubu mbili na upande mmoja uko wazi. Koni, ile sehemu ya spika inayotikisika, ikisukuma hewa mbele, nyuma inaivuta. Kukiwa na upenyo pembeni, hewa ya nyuma inazunguka na kuikuta ya mbele, zinauana. Sauti nyembamba zinapona, besi inakufa, kwa sababu wimbi la besi ni refu: la hezi 100 lina kama mita 3.4, ukingo wa spika haulizuii kitu. Washa spika ikiwa tupu juu ya meza, utasikia kelele ya nyuki. Ikalishe juu ya tundu la boksi gumu lililozibwa vizuri, utadhani umebadilisha spika. Kwa hiyo hata ukinunua ya laki mbili, ukiifunga na mwanya, umenunua nyuki.

Sasa vipimo, na hapa ndipo nilipopigwa.

Mara ya kwanza nilipima nyuma tu. Nilishusha kioo hadi chini, nikaingiza rula kwenye tundu: kutoka usoni mwa bati hadi kwenye kioo, milimita 52. Spika yangu kuanzia chini ya ukingo hadi mwisho wa sumaku ina milimita 62. Nikasema basi, niinyanyue vya kutosha, nikaunganisha vipande viwili vya MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) vya milimita 12, jumla 24. Kioo kikawa na nafasi ya kucheza. Nikarudisha kava la mlango, likakataa. Nikalisukuma kwa goti kama mtu anayefunga sanduku la safari, klipu tatu zikakatika. Kumbe kati ya bati na mgongo wa kava kulikuwa na milimita 30 tu, na spika zangu zina twita (kispika kidogo cha sauti nyembamba) katikati iliyochomoza. Ukingo pamoja na twita vilisimama milimita 9 juu ya adapta. Jumlisha mwenyewe.

Nikarudi kwenye milimita 18. Mbele 27, zikabaki tatu. Nyuma 52 na 18 ni 70, toa 62, zikabaki nane. Hapo ndipo gari langu linapotaka. Lako linaweza kuwa tofauti, na spika zako hakika ni tofauti, kwa hiyo usichukue namba zangu, chukua utaratibu: pima nyuma, pima mbele, halafu ndiyo uchague unene. Kama huamini rula, bandika udongo wa kuchezea wa watoto juu ya sumaku, shikilia spika mahali pake kwa kimo unachotaka, shusha kioo taratibu. Udongo ukibonyea, umejibiwa. Kwa upande wa kava fanya hivyo hivyo, bandika udongo juu ya twita.

Kuhusu mali ya kutumia. MDF inakatika kama siagi na inavutia sana, ila ndani ya mlango ni mahali pa maji. Watu hawajui hili. Mvua inapita kwenye mpira wa kioo, inateremka ndani, inatokea kwenye vitundu vya chini ya mlango. Ni kawaida, gari limetengenezwa hivyo. Adapta zangu za MDF nilizipaka vanishi mkono mmoja, masika ya kwanza zikavimba kama maandazi, skrubu zikalegea, spika ya upande wa abiria ikawa inaning'inia na kupiga makofi kila nikipita kwenye tuta. Ukilazimika kutumia mbao, tumia plaiwudi ile ya kuhimili maji, na uipake rangi ya mafuta mara tatu, hasa kwenye kingo na ndani ya kila tundu la skrubu. Maji huingilia kwenye kingo, usoni hayana shida.

Mimi niliishia kwenye mbao za plastiki za kukatia mboga. Zile nyeupe, nzito, ngumu. Nilizipata za unene wa milimita 9 soko la Mbuyuni, mbili zikaleta 18 yangu barabara. Hazinywi maji, hazipasuki, skrubu inang'ata vizuri. Ila zina tabia zake. Gundi haizishiki, silikoni inabanduka kama ngozi ya nyoka, rangi ndiyo usijaribu. Vipande viwili unaviunganisha kwa bolti, si kwa gundi. Na jigiso (msumeno mdogo wa umeme) ikienda kasi, plastiki inayeyuka na kujiunga tena nyuma ya msumeno, unamaliza kukata unakuta kipande bado kimeshikana. Tumia msumeno wa meno makubwa, mwendo wa pole, pumzika kila baada ya sentimita chache.

Kukata kwenyewe: chora kwa bikari duara la ndani na la nje. Kata la ndani kwanza, ubao ukiwa bado mkubwa una mahali pa kuubana mezani. Nilianza na la nje, nikabaki na sahani inayonizunguka mkononi. Tundu la ndani kwa spika zangu lilikuwa milimita 128, wewe soma karatasi iliyokuja na spika au pima kikapu chake, yaani fremu inayoshika koni. Ukimaliza, parua ukingo wa nyuma wa tundu kwa mteremko, kwa sababu adapta nene yenye tundu la kubana inaziba madirisha ya nyuma ya koni.

Kupata matundu ya mlangoni, paka grisi kidogo kuzunguka vitundu vya riveti, gandamiza kadibodi, umepata ramani. Riveti za zamani ziondoe kwa kekee ya milimita 5, toboa kichwa tu, na weka kitambaa chini vinginevyo vipande vitakuimbia ndani ya mlango miaka yote. Bati lililochubuka lipake praima siku hiyo hiyo. Adapta ifunge kwa bolti na nati zenye plastiki ndani, mkono unapita kwenye tundu kabla spika haijakaa. Skrubu za kujitoboa kwenye bati jembamba zitalegea kwa barabara zetu hizi.

Kati ya adapta na bati, na kati ya spika na adapta, weka sponji isiyonywa maji. Usiweke godoro! Nimeona watu wanaweka godoro, linafyonza maji na kuozesha bati. Mimi nilikata ile mikeka ya sponji ya watoto yenye meno ya kuunganisha. Ndala kuukuu nayo inafaa ukiipata pana. Nailoni iliyobandikwa mlangoni nyuma ya kava usiichane, na ukiichana irudishe, la sivyo kapeti litalowa na utasema gari linavuja.

Waya: usikate soketi ya gari, tafuta ya kuchomeka. Kabla ya kufunga kava, gusa waya za spika kwa betri ya volti 1.5. Chanya kwa chanya, koni inatoka nje. Koni za milango yote miwili zitoke nje. Moja ikiingia ndani, besi itapungua sana na utarudi kunilaumu mimi.

Kama huna muda wa yote haya, iko njia ya mkato ambayo siidharau. Nenda kwa wauza spea za mtumba, omba spika ya mlango iliyochanika ya gari kama lako, ng'oa koni na sumaku, bakiza fremu. Hiyo ni adapta ya kiwandani, vitundu vyote viko sawa, bei ya maji. Inategemea tu kama ukingo utakaobaki ni mpana wa kupokea skrubu za spika mpya. Kwangu haukutosha, kwa jirani yangu mwenye Premio ulitosha. Za kwako za asili usizikate, zihifadhi, siku ya kuuza gari utarudisha kila kitu kama kilivyotoka Japani. Bati likishakatwa halirudi.

Kazi yote ilinichukua Jumamosi mbili, ya pili ikaishia saa tatu usiku kwa tochi ya simu. Tulipokwenda Arusha wiki iliyofuata, kilomita 80 na ushee, mke wangu alisikiliza mpaka Boma Ng'ombe, akakubali kwamba besi ipo. Kisha akauliza ubao wake wa kukatia mboga uko wapi. Kwa hiyo wewe nunua mbao tatu, si mbili.